Barua ya wazi kwa vijana na akina mama wanaoanzisha huduma ya kujitolea kanisani

Wanangu wapendwa, Bwana asifiwe.

Azimio lenu la kuihudumia jamii inayolizunguka kanisa ni jema, na ninalifurahia kwa moyo wote. Ila mazungumzo yameanza na fulana, jina la kikundi na siku ya uzinduzi. Hayo yawekeni kando kwa sasa. Anzeni na jirani.

Kabla ya kuchagua kazi yoyote, tembeleeni nyumba kama 30 zilizo karibu na kanisa, za waumini na wasio waumini. Nendeni wawili wawili: mmoja azungumze, mwenzake asikilize, na kuandika kufanyike mkishatoka, maana mtu akiona kalamu anajibu kama yuko ofisini. Msiulize "Mnahitaji nini?" Swali hilo huleta jibu la pesa, kwa kuwa mwulizwaji anadhani mmekuja kugawa. Ulizeni: "Wiki iliyopita ni shughuli gani ilikushinda peke yako?" Hapo mzee atawaambia alikosa miadi ya kliniki kwa sababu hakuwa na wa kumsindikiza, na mama atawaambia mwanawe yuko darasa la nne na bado hajaweza kusoma. Hizo ndizo kazi zenyewe. Kisha muoneni mwalimu mkuu, mhudumu wa afya na kiongozi wa eneo, mjue nani tayari anashughulikia jambo hilo. Mkikuta msikiti au chama cha majirani kimeshaanza, ombeni kujiunga nacho badala ya kuanzisha chenu pembeni.

Mkishasikia yote hayo, chagueni kazi moja. Najua moyo utataka tatu. Kazi inayofaa ni ile ambayo watu wa kawaida wanaweza kuifanya kwa muda wa saa mbili kwa wiki, na isiyosimama eti kwa sababu mtu mmoja amesafiri.

Iandikeni katika ukurasa mmoja: kazi gani, kwa ajili ya nani, siku ipi, msimamizi ni nani na msaidizi wake, fedha zitatoka wapi, na yapi hamtayafanya. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mkisema mapema kwamba hamkopeshi fedha wala hamtoi dawa, mtajiepusha na lawama nyingi. Pelekeni ukurasa huo kwenye baraza la wazee, na hakikisheni uamuzi umeingia kwenye muhtasari wa kikao. Mchungaji huhamishwa, anayekuja akiuliza nani aliruhusu, kusiwe na jibu la "tulikubaliana kwa mdomo".

Sasa watu. Tangazo la Jumapili huinua mikono mingi kuliko itakayoonekana siku ya kazi. Baada ya tangazo, mfuateni kila mtu peke yake na kumpa kazi yenye jina: "Tunakuomba uwasaidie watoto watano kusoma, Jumamosi saa nne hadi saa sita, kwa wiki 12." Muda wenye mwisho humfanya mtu akubali, na pia humpa njia ya heshima ya kupumzika. Ikiwa kazi inataka watu 4 kila wiki, tafuteni 12 mpange zamu tatu, na wengine 3 wa akiba. Atakayeshindwa kuja atoe taarifa siku mbili kabla, naye msimamizi amwite wa akiba. Pasipo akiba, wachache walio waaminifu ndio watakaobebeshwa kila kitu hadi wachoke, na ari ya mwanzo itakuwa moto wa mabua.

Zamu nazo zina tatizo lake: mzee mgonjwa au mtoto anayejifunza kusoma hatulii akiletewa uso mpya kila wiki. Kwa kazi za namna hiyo, kila anayehudumiwa awe na mtu wake mmoja wa kudumu, na zamu imlete wa pili tu.

Kuhusu watoto na watu wasioweza kujitetea, hapa nawasihi msione aibu kuwa wakali. Kila anayetaka kuwahudumia ajaze fomu, alete wadhamini wawili wasio ndugu zake, na mzungumze naye kabla hajaanza, hata kama ni mwanakwaya wa miaka yote. Mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo kufahamika kwake kunatosha. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto. Wawe watu wazima wawili, mlango wazi, na mtu mzima asimpeleke mtoto nyumbani akiwa peke yake. Mtoto akisema ameumizwa, msikilizeni bila kumhoji, msimwahidi siri, andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, na siku hiyo hiyo mfikishe taarifa kwa mamlaka inayolinda watoto. Shauri hilo halimalizwi kwa kikao cha wazee na sala. Makanisa yaliyojaribu kulinda jina kwa njia hiyo yamewaumiza watoto mara ya pili.

Fedha ni suala fupi. Anayetunza asiwe anayenunua, kila matumizi yawe na risiti, na kutoa fedha kuhitaji saini mbili. Paulo, katika 2 Wakorintho 8, hakukubali kuyashika peke yake matoleo ya makanisa, ili asilaumiwe. Rudisheni nauli za wanaojitolea. Msipofanya hivyo, huduma itabaki ya wenye uwezo.

Mkigawa chakula au nguo, vigezo viandikwe kabla majina hayajaandikwa. Manung'uniko yakija, kumbukeni Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Kanisa lilichagua watu 7 wa kusimamia mgawo, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Basi na upande unaolalamika upate nafasi mezani. Majina ya wanaopokea yasisomwe ibadani, picha zao zisipigwe bila ridhaa yao, na msaada usifungwe na sharti la kuja kanisani. Mtu akiuliza kwa nini mnafanya haya, mjibuni kwa uwazi.

Kuweni na daftari moja lenye tarehe, jina, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka na saini. Lijazwe pale pale, si kwa kukumbuka mwisho wa mwezi.

Wiki ya 12 ikifika, kaeni na daftari hilo. Wapigieni simu walioacha kuja na kuwauliza sababu, kisha warudieni mliowahudumia mkaulize ni lipi limewasaidia na lipi limewasumbua. Kama zamu zilijaa bila kubembelezana, ongezeni kazi ya pili. Kama hazikujaa, endeleeni na ile ile kwa wiki nyingine 12, na uzinduzi usubiri.

Wenu katika utumishi,
Mzee wa kanisa