Wacheza kadi, tuthubutu kushambulia

Mhariri,

Tunaocheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana kwa viumbe na uchawi, hapa Nairobi tumezoea mno kuiga mafungu ya kadi ya mabingwa wa ng'ambo. Mchezo huu wa tangu 1993 unataka ubunifu!

Katika kadi zangu 60 naweka ardhi 18 tu (kadi zinazotoa nguvu ya kulipia kadi nyingine), viumbe wanaohitaji nguvu kidogo wanaovamia mapema, na kadi nne za uchawi za Lightning Bolt, kila moja ikimpunguzia mpinzani uhai 3 kati ya 20. Ardhi ikichelewa nakwama, kweli, lakini anayesubiri majitu yake mazito mara nyingi hushindwa kabla hayajatua mezani. Tena nyingi ni kadi za kawaida, si zile adimu za bei ghali.

Waandalizi wa mashindano, tafadhali tutengeeni Jumamosi moja ya mafungu ya majaribio pekee.

Mchezaji,
Donholm, Nairobi