Ovakloki siyo tiketi ya kuingia VR

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya ukurasa wa teknolojia kuhusu kompyuta za magemu nimeisoma yote na kiukweli nawapa hongera, vijana nao wanataka kusoma mambo yao, ila pale mlipoandika kwamba mtu akitaka kuingia kwenye VR, yaani kucheza gemu ukiwa umevaa hedseti machoni kama uko ndani yake, aanze kwa kuovakloki prosesa, yaani kuilazimisha ikimbie kuliko spidi iliyowekewa kiwandani, hapo hapana. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar, na vijana wakishasoma ushauri wa namna hiyo mashine zinakuja mezani kwangu zinajizima zenyewe.

Kuovakloki kulikuwa kunalipa zamani. Wakongwe wanaikumbuka prosesa ya Celeron 300A ya Intel, mwaka 1998, imeandikwa megahezi 300 lakini ukipandisha spidi ya basi la madabodi, ile njia prosesa inayowasiliana nayo na vifaa vingine, kutoka 66 kwenda 100 inakimbia 450, nusu nzima ya ziada bila kulipa hata senti, nani asingefanya? Sa hivi kiwanda chenyewe kinaikamua prosesa, ikipata nafasi inajipandisha mpaka karibu na mwisho wake, we unayekuja na bayosi yako, ile mipangilio ya ndani ya madabodi, umebakiziwa asilimia chache tu, na hizo chache zina gharama. Umeme unaoliwa na kugeuka joto unapanda sambamba na spidi, lakini kwa upande wa volti unapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo ukitoka gigahezi 4.2 kwenda 4.6 na ili isigande ukaongeza volti kutoka 1.20 hadi 1.35, spidi umepata asilimia 9 na ushee, joto limeongezeka karibu asilimia 39.

Halafu hizo video wanazoziangalia zinarekodiwa huko Ulaya kwenye vyumba vya nyuzi 20. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, inachofanya ni kuizuia isipande mno juu ya hilo joto, sasa feni ileile inayoiweka prosesa kwenye 80 kule, ilete kwenye gheto la Mbagala mwezi wa pili, ndani nyuzi 32, unaongelea 92. Prosesa ya AMD inayoitwa Ryzen 7 5800X mwisho wake ni 90, ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe. Yaani umeovakloki ili iende taratibu! Na UPS, yale maboksi ya betri ya kushikilia umeme ukikatika, zile ndogo za 650VA ambazo wengi wetu tunazo hazifiki hata wati 400, mashine iliyopandishwa volti pamoja na kadi kubwa ya grafiksi ikiwaka kwenye gemu, umeme ukikatika tu na UPS nayo inazima papohapo.

VR yenyewe inachotaka ni utulivu. Kwenye gemu la kawaida kioo kikisita kidogo unasonya unaendelea, lakini hedseti ya hezi 90 inadai picha mpya kila baada ya milisekunde 11, zikianza kuchelewachelewa kichwa kinageuka dunia haigeuki, tumbo linavurugika, na mtu anavua anasema VR haimfai kumbe ni ile ovakloki yake isiyotulia. Na mzigo mkubwa hauko hata kwenye prosesa. Hedseti ya Quest 3 ya kampuni ya Meta ina pikseli (vile vidoti vya picha) 2064 kwa 2208 kila jicho, macho mawili ni zaidi ya milioni 9, wakati kioo cha kawaida cha kompyuta, cha 1080p, kina milioni 2 tu na kidogo, hiyo kazi inabebwa na kadi ya grafiksi, hela ipelekeni huko.

Najua kuna watakaonijibu kwamba magemu ya kurusha ndege kama Microsoft Flight Simulator yanaikaba prosesa hasa. Kweli kabisa. Ila hata hapo dawa nzuri ni prosesa yenye keshi kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani yake, kama Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, ina keshi ya megabaiti 96, na AMD wenyewe wameifunga hata ukitaka kuiovakloki kwa njia ya kawaida hupati.

Kuna kitu cha bure ambacho hamkukigusa. Ramu imeandikwa 3200 lakini hakuna aliyeingia kwenye bayosi kuwasha XMP, ile mipangilio inayoiruhusu ramu itumie spidi iliyoandikiwa, inatembea 2133 au 2666 miaka na miaka, mwenyewe hajui. Anzeni hapo jamani. Na wanaonunua mtumba wa Core i9 za kizazi cha 13 na 14 wasasishe bayosi kabla ya kitu chochote, mwaka 2024 Intel walikiri prosesa hizo zinaomba volti kubwa kupita kiasi na zinaharibika taratibu, wakaongeza waranti miaka miwili, na hapo hata ovakloki hamna mtu aliyeigusa.

Kwenye hedseti ndo mlipita mbio kabisa, mmelinganisha bei tu. Mtu apime kwanza umbali kati ya mboni za macho yake, rula na kioo cha bafuni vinatosha, kwa sababu Quest 2 na Quest 3S lensi zake zinakaa sehemu tatu tu, milimita 58, 63 na 68, wakati Quest 3 unazungusha gurudumu mpaka ikae sawa. Mwenye 72 akinunua 3S kwa sababu ni rahisi, ataona ukungu na kichwa kitamuuma, hata uwe na kompyuta ya namna gani.

Na ile hedseti ya HP Reverb G2 mliyoisifu kwamba mtumba wake unapatikana kwa bei ya chini, inashuka bei kwa sababu! Ilikuwa inategemea Windows Mixed Reality, programu ya Microsoft ya kuendeshea hedseti, na Microsoft wameiondoa kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2. Hedseti ya PlayStation VR2 nayo inaingia kwenye kompyuta, adapta yake ilitoka Agosti 2024, ila lazima kadi iwe na tundu la kutolea picha la DisplayPort 1.4, laptopu nyingi zitakwama hapo. Quest ina prosesa yake ndani, inacheza hata bila kompyuta, na ukitaka kuiunga bila waya basi ruta iwe ya waifai ya gigahezi 5 na kompyuta ichomekwe kwenye ruta kwa waya, siyo hotspoti ya simu.

Mambo mawili ya huku kwetu. Jasho, tafuteni kava la silikoni, ile sponji inanuka ndani ya wiki na ya Quest 2 ilishaleta malalamiko ya ngozi mpaka Facebook, ambao sa hivi ndo Meta, wakatoa kava bure mwaka 2021. Na jua, msiiache dirishani, lensi zinakusanya mwanga na kuunguza kioo cha ndani, hiyo hairekebishiki, hata kwangu msiilete.

Naomba toleo lijalo mrekebishe hiyo sentensi ya ovakloki na ile ya Reverb, kuna watu wanatuma hela Dubai kwa kufuata mlichoandika.

Fundi kompyuta,
Dar es Salaam