Barua kwa mwanangu anayeenda Kanada

Mama,

Jumapili nilikuuliza mbele ya watu kama utarudi, nawe ukasema, "Tutaona, Baba," kwa sauti ileile ya mama yangu uliyerithi jina lake. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Tangu tuletewe habari kwamba Profesa Micere Githae Mugo, mshairi na mwalimu wetu wa fasihi, ameaga dunia tarehe 30 Juni 2023, usingizi umenipaa, na hiyo "tutaona" yako imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Usinijibu kwamba yeye ni yeye na wewe ni wewe. Barua yako ya kuombea nafasi ya chuo niliisoma, nikakusahihishia nukta na mikato, na jina lake lilikuwa humo tele. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza: umesoma maisha yake, au umesoma mashairi yake tu? Yeye pia alikwenda Kanada, kule New Brunswick, baada ya Makerere. Alipomaliza alirudi, na 1973 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakutuambia tutaona.

Sisi tulipofika chuoni, Idara ya Kiingereza ilikuwa imeshafutwa. Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliandika waraka wao 1968 wakitaka Afrika iwekwe katikati, na tukakuta Idara ya Fasihi, ngano za nyanya zetu zikisomwa darasani bila kuombewa radhi. Profesa hakuiacha fasihi simulizi mpaka mwisho wake. Akisoma shairi, hadhira haikai kimya, lazima iitikie. Unajua aibu yangu, lakini niliitikia. Mwaka 1976 yeye na Ngugi walituletea tamthilia ya kesi ya Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, na 1980 akachaguliwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa, mwanamke wa kwanza. Tulitembea vifua mbele wiki nzima, wavulana kwa wasichana.

Halafu ikaja 1982. Wahadhiri walikuwa wakikamatwa. Akaondoka na binti zake wawili wadogo, serikali ikamvua uraia, Zimbabwe ikampa wake, na 1993 akahamia Syracuse, Marekani, akafundisha hadi kustaafu 2015. Piga hesabu mwenyewe. Nairobi tulimpata miaka 9, Syracuse ikampata 22. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, na alikuja kutoa mihadhara, watu wakajaa, lakini alikuja kama mgeni. Wanafunzi wetu wa hiyo miaka yote walifundishwa na sisi tuliobaki, kile kilichokuwa kwenye silabasi, na mshahara ukaingia. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Yeye alifukuzwa. Wewe nani anakufukuza? Hakuna askari mlangoni. Ukibaki huko, utakuwa umejifukuza, na mimi nitawaambia nini watu wa kanisani? Kama unaogopa kurudi kuwa mhadhiri wa muda, unasahihisha mitihani ya watu mia na malipo yanakuja baada ya mwaka, sema hivyo. Hilo nalielewa na siwezi kukulaumu. Ila nisemeshe kama mtu mzima.

Siku barua ya ufadhili ilipofika nilimwambia hata kinyozi. Alinikata bila kunitoza. Lakini shangazi yako wa Kerugoya, aliyechanga Sh20,000 kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe wawili, hujampigia simu mpaka leo. Mpigie kabla hujalala. Na ukifika huko usiwe unawaita walimu wako kwa jina la kwanza hata wakikuruhusu.

Koti usinunue kwenye maduka ya mjini. Nenda soko la mitumba la Gikomba asubuhi, bei zikiwa bado hazijapanda. Makoti ya Kanada yenyewe ndiyo hushushwa pale kwenye mabelo. Angalau hayo huja. Mama yako anasema nikuachie mambo haya, kwamba hata mimi nilipotoka kijijini nilimwambia baba yangu nakuja Nairobi kwa miaka mitatu tu. Mama yako ana kumbukumbu mbaya.

Mpangaji wa chumba cha nyuma hajalipa Julai na ameniambia ngoja. Fundi amekuja kuangalia tangi, anasema ni vali, nami nasema ni yeye. Vitabu vyako usivipe mtu, nimevipangia kabati, nitavifunika na nailoni.

Jambo lingine. Kabla ya Alhamisi niandikie nywila ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na ile ya KRA ya kodi pia. Nambari ya simu iliyoko humo ni yako. Kila nikibofya nimesahau, ujumbe unakuja kwako, na saa ninazofanyia kazi zangu wewe utakuwa umelala. Badilisha, weka yangu. Au acha yako, ili uwe unanipigia kunisomea hizo tarakimu. Amua wewe, ila uniambie umeamua nini.

Baba yako