Kijana wa Mwandiga asikimbilie filta nyembamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu kijana wa Mwandiga aliyeuliza, kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, afanyeje ili aweze kunasa alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa redioni kwa nukta fupi na mistari mirefu, za stesheni dhaifu. Mwandishi wenu alimjibu kwa mstari mmoja tu: anunue filta, kile kichujio cha kelele cha redio, nyembamba kuliko zote atakazozimudu. Kwa sisi tunaosikilizia Kigoma, ushauri huo utamlia hela bure.

Nianze na ukweli wake, maana haukosi. Redio iliyowekwa kupokea sauti ya mtu huacha wazi upana wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,400 hivi. Morse haihitaji nafasi yote hiyo. Ni mlio mmoja unaowaka na kuzimika. Ukibana filta mpaka 240, kelele inayoingia inabaki sehemu moja ya kumi, na mlio wako haupungui. Hiyo ni faida ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), ni sawa na yule jamaa wa upande wa pili kuongeza nguvu ya mtambo wake mara kumi. Hapo simpingi mtu.

Baada ya hapo ndipo tunapoachana. Kutoka 500 kwenda 250 unapata desibeli 3 tu, na hata hizo sehemu kubwa sikio lilishazichukua. Sikio la binadamu lina filta yake: kwa mlio wa hezi 500, kelele inayoufunika ni ile iliyo ndani ya upana wa hezi 100 hivi kuuzunguka. Ya mbali zaidi unaisikia, lakini haikuzibii. Ndiyo maana opereta mzoefu husoma alama ambazo mgeni, akivaa hedifoni zilezile, anaapa kwamba hakuna kitu. Filta ya 250 siitupi, ila kazi yake kubwa ni kumfungia nje jirani mwenye sauti kubwa, ambaye akipiga tu, redio inajipunguza nguvu yenyewe na mnyonge wako anazama.

Sasa tuje kwenye radi. Mvua zikishaanza, usiku ukitazama ng'ambo ya ziwa unaona anga ya Kongo inawakawaka. Mashariki ya nchi ile ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Redioni radi ni mpasuko mfupi mno, ta! imekwisha. Ipitishe kwenye filta ya hezi 50 uone. Filta inalia kama kengele iliyogongwa, tena kwa mlio uleule wa Morse unaoutafuta. Radi inageuka kuwa nukta. Herufi S, yenye nukta tatu, ikiongezewa ya nne inakuwa H, na wewe unaandika H kwa imani kabisa. Hata mlio wenyewe hausalimiki. Kwa mwendo wa maneno 25 kwa dakika, nukta moja haifiki sehemu ya 20 ya sekunde, na filta ya hezi 50 inataka kiasi cha sehemu ya 50 ya sekunde kuinuka na muda kama huo kutulia, nyingine zaidi. Nafasi kati ya nukta na nukta zinajaa, na S ileile unaisikia kama T, yenye mstari mmoja mrefu, iliyokwaruzwa.

Mimi kazi ya mawasiliano ya redio nimeianza ujanani, na sasa ni fundi hapa Mwanga. Naanza na filta pana, 500 au zaidi, kwa sababu ukitafuta na nyembamba unaipita stesheni bila kujua kama ipo. Nikishaipata, nazungusha taratibu mpaka mlio ushuke kwenye hezi 500 au chini kidogo. Redio nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 600 au 700, lakini sikio hutenganisha milio ya chini vizuri zaidi. Kisha napunguza nguvu ya mapokezi, siyo sauti ya spika, mpaka kelele ibaki mnong'ono. Hapo ndipo naanza kubana, kidogo kidogo. Kelele ikianza kuimba, narudi nyuma hatua moja.

Na penseli iandike kilichosikika tu. Kila stesheni ina jina la herufi na namba, na mwanzo wake unaonyesha nchi: 9U ni Burundi, 9Q ni Kongo. Ukisikia 9, radi, halafu namba na herufi, acha pengo usubiri airudie. Ukijaza U kwa sababu Burundi ni karibu, kumbe alikuwa 9Q wa Kongo.

Ipo kelele nyingine ambayo filta haiiwezi: chaja za sola za bei rahisi. Ya jirani yangu inanguruma kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho, na dawa yake imekuwa kumpelekea samaki wa migebuka na kumwomba aizime usiku.

Kwa hiyo, kijana wangu, hela yako nunua kwanza hedifoni zinazoziba masikio vizuri, na waya wa antena wa mita 20 hivi, unaotosha kwa bendi ya megahezi 7. Kusikiliza ni mwanzo mzuri. Ukitaka kurusha, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukaombe leseni. Kama redio yako haina filta ya 500, hiyo nunua. Ile ya hezi 50 iache dukani mpaka Julai, radi zikipungua, na hata hapo azima kwanza ya mtu.

Fundi Redio,
Mwanga, Kigoma