Wekeni simu chini kwanza: barua kwa vijana wa mafunzo ya haki za binadamu

Wanangu wa Eastlands,

Hasira hii ninayo tangu Jumanne na haijashuka, basi wacha niiandike. Mlienda kumpa pole mama aliyeuawa mwanawe kwa risasi ya polisi. Mlienda kundi zima na fulana zenu mpya, na kabla hajamaliza kuwakaribisha, simu zilikuwa juu. Akalia, mkarekodi. Akamtaja askari kwa jina analoitwa mtaani, mkarekodi. Magharibi ilipoingia, uso wake, mlango wake na ploti anayokaa vilikuwa vinazunguka mitandaoni, na wengine wenu mkihesabu waliopenda. Sasa amejifungia. Hata sisi tuliomzoea hatufungulii.

Nimeuliza ni nani kati yenu aliyeandika alichokisema. Hakuna.

Sikatai video. Juni 25, 2024, pale Bunge, simu za vijana ndizo zilizofanya uongo ushindwe kusimama. Lakini shahidi si maandamano. Wakili wa askari ataichukua hiyo video ya dakika mbili aiweke kando ya taarifa ambayo mama ataandikisha kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, atafute neno moja tu lisilolingana. Na ile picha ya askari mliyoisambaza? Siku ya gwaride la utambulisho atasema mashahidi walimjua kwenye simu, si usiku ule. Mmemtetea bure, wala hajalipa wakili!

Kazi inafanywa hivi. Mmoja anaongea na mama, mmoja anaandika, waliobaki wakae ofisini. Tarehe, saa, alikuwa amesimama wapi, umbali gani, taa ya mtaa, ile mulika mwizi, ilikuwa inawaka au imeharibika kama kawaida yake. Nambari ya gari. Nambari ya utumishi ya askari ikiwa aliiona, na kama hakuiona andikeni kwamba hakuiona. Maneno yawe yake, kwa lugha aliyoyasemea, iwe Kijaluo au Kikamba. Msimpambie Kiswahili cha ripoti. Mkimaliza msomeeni. Mwambieni wazi kwamba anaweza kukataa, maana mtu asiyejua kwamba anaweza kukataa hajakubali chochote.

Mnajua kisa cha wakili Willie Kimani. Juni 2016 alitekwa akitoka korti ya Mavoko pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, aliyekuwa amelalamika kupigwa risasi na polisi, na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Walipofungiwa kituo cha Syokimau, karatasi ya chooni ilitupwa nje, imeandikwa kuomba mke wa mmoja wao apigiwe simu. Aliyeiokota hakuipuuza. Wote watatu waliuawa, miili ikatolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, na kesi ikaburutwa hadi Julai 2022, polisi watatu na mpasha habari wao walipopatikana na hatia. Mtu yuko kwenye seli, anajua anaweza kufa, na bado anatafuta pa kuandikia. Ninyi mna daftari mliyopewa siku ya kwanza, na nimeona moja imechorwa nembo ya Gor Mahia ukurasa mzima.

Na kama mnataka kujua heshima ya mama mbele ya umma ni nini, waulizeni wakubwa wenu habari za Uhuru Park mwaka 1992. Mama za wafungwa wa kisiasa walikaa pale Freedom Corner, na polisi walipowavamia kwa virungu na gesi, baadhi yao walivua nguo. Waliamua wenyewe. Huyu wetu hakuamua chochote. Aliamuliwa na watoto aliokuwa anawapikia chai.

Futeni hiyo video. Leo.

Mengine mnayajua, nayataja tu. P3, ile fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, haiuzwi. Msitoke kituoni bila nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Usiende kituoni peke yako. Msimwahidi mtu fidia. Posho ikichelewa, msigombane mbele ya wageni. Laleni.

Siwalaumu ninyi pekee. Nani aliwafundisha kwamba bila picha hamjafanya kazi? Wafadhili wanaotaka ripoti yenye machozi, na mashirika yanayoleta gari siku ya kamera lakini kesi ikitajwa mara ya nne korti ya Milimani, mama anajitafutia nauli ya matatu. Na sisi majirani, kijana akianguka, swali la kwanza ni “kwani alikuwa ameiba nini?” Pasta anaombea amani ya nchi, mochari haendi. Katika mtaa kama huo, mama akiwafungulia mlango, amewapa kitu kikubwa sana, wanangu. Ndiyo maana nimeumia.

Jambo la mwisho ni simu ya usiku, ile ya ofisi inayopigwa mtu akikamatwa. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiisha korti zimefungwa, anangoja siku ya korti inayofuata. Polisi wanaijua hesabu hiyo kuliko ninyi. Ukikamatwa Ijumaa jioni, umelala ndani hadi Jumatatu, na ndipo watu wanapopigwa. Nimeangalia ratiba: zamu ya Ijumaa ni majina yale yale mawili tangu mafunzo yaanze. Wengine mnakuwa wapi? Jazeni kabla ya kesho saa sita.

Ni mimi mama yenu wa ofisini.