Hiyo ada ya chama, shoga yangu

Louisville, Kentucky

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Salamu zako zimefika na achari nimeipata, haikumwagika hata tone. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Sasa nikujibu lile swali lako, maana nimeona umeliuliza kwa hasira: hiki chama cha ASHA, cha Marekani cha sisi wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, ni cha nini, na kwa nini ulipe ada ilhali hata masomo yenyewe unasoma kwa mkopo?

Kwanza tenganisha mambo matatu, maana naona huko darasani kwenu wanayachanganya. Kuna leseni, ambayo hutolewa na jimbo. Bila hiyo humtibu mtu. Kuna cheti cha umahiri, zile herufi CCC-SLP za watibabu wa usemi na lugha unazoziona baada ya majina ya walimu wako. Hicho ndicho cha ASHA. Halafu kuna uanachama wenyewe. Mtu anaweza kushika cheti bila kuwa mwanachama, ila wengi hawalijui hilo, wanalipa vyote kwa pamoja na kusonga mbele. Leseni huna hiari nayo. Cheti nacho, hata pale sheria ya jimbo isipokidai, kanuni za Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zinakitaja kwa jina, ama hicho ama sifa zinazolingana nacho, na waajiri hawataki kuumiza kichwa kutafuta nini kinalingana na nini. Kwa hiyo cheti utakichukua tu, usipoteze usingizi kubishana.

Saa zako 400 za mazoezi ya vitendo, zinazotakiwa kwa cheti, nadhani unazihesabu: 25 za kutazama, 375 za kushughulika na wagonjwa wewe mwenyewe. Mtihani wa Praxis, ule wa taifa wa fani yetu, wanataka alama 162 ili kupita, nawe kwa vile nikujuavyo utaivuka. Panaponitia wasiwasi ni baada ya hapo, ule mwaka wa kwanza wa kazi chini ya mlezi. Ni wiki 36 na saa zisizopungua 1,260, na mlezi lazima naye awe na cheti kilicho hai, awe amefanya kazi angalau miezi tisa tangu akipate, na awe amesoma saa mbili za mafunzo ya usimamizi. Muulize kabla hujasaini mkataba. Usione haya, wala usiogope kuonekana mjuaji. Cheti chake kikiwa kimelala, saa zako hazihesabiwi, na hakuna wa kumlilia. Chama kina mahali pa kuhakiki jina la mtu. Liandike lake utazame mwenyewe.

Sasa uanachama. Nakubaliana nawe kuwa ada ni nzito, cheti na uanachama pamoja ni zaidi ya dola 200 kila mwaka, na wapo wenzetu wengi wanaonung'unika kwamba wanalipia kitu ambacho leseni tayari imeshafanya. Hawajakosea sana. Juu yake kuna saa 30 za mafunzo kila miaka mitatu ili cheti kisife. Kama ningekuwa nalipia jarida na kadi tu, ningeshajitoa.

Ila kuna jambo lililonibakisha. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, msimamizi mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kwa lafudhi yangu hii sitaweza kumfundisha mtoto sauti za Kiingereza, heri nitafute kazi ya kutathmini watu wazima wanaopaliwa wakimeza, maana hiyo nayo ni kazi yetu. Kana kwamba kumeza ni kazi ya mabaki! Mwenzangu wa darasani, dada mmoja wa Georgia, akanitumia waraka wa ASHA wa mwaka 1998 unaohusu hasa wanafunzi na wataalamu wenye lafudhi. Unasema kinachotakiwa ni mtu awe na ujuzi wa kutambua tatizo na kulitibu, na aweze kuonyesha sauti inayofundishwa. Lafudhi peke yake si sababu ya kumzuia. Niliuchapisha nikaenda nao ofisini. Sikuombwa radhi, lakini wiki iliyofuata nilipangiwa watoto.

Na waraka huo haukudondoka mbinguni. Chama hiki kilianza mwaka 1925 na watu 25, na jina lake la kwanza lilikuwa la kusahihisha usemi, ungedhani sisi ni walimu wenye kalamu nyekundu. Wataalamu weusi walibishana nacho miaka ya sitini mwishoni, na mwaka 1978 wakaanzisha chama chao, NBASLH. Mwaka 1983 ASHA ikatamka rasmi kwamba hakuna lahaja ya Kiingereza iliyo ugonjwa. Kwa hiyo ndani ya chama kuna watu waliogombana nacho, wakakibadilisha kwa kukaa mezani. Hao ndio ninaowalipia.

Nikupe mfano wa juzi. Nililetewa ripoti ya mtoto wa miaka saba, wazazi wake wametoka Kivu. Aliyempima alitumia mkalimani wa Kiswahili wa kwetu pwani, akaandika kwamba mtoto "anakosea ngeli." Nikamkalisha mtoto na picha. Akaniambia: "Batoto banacheza." Nikamwonyesha wengine: "Batu banaenda." Kila mara *ba-*, hakuyumba hata mara moja. Mama yake, aliyekaa pembeni, anasema vivyo hivyo! Hicho ni Kiswahili cha kwao, kimekaa sawasawa kichwani mwa mtoto. Sheria ya elimu maalumu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, na lugha yake ni ile ya nyumbani kwao, si ya Mombasa. Tatizo lake halisi lilikuwa kigugumizi, na ripoti ilikigusa kwa sentensi moja. Nilipotaka kuandika upya, wenzangu wa kikundi cha 14 cha ASHA, kile cha tamaduni na lugha mbalimbali, walinisaidia namna ya kuipanga hoja. Vikundi hivyo vina ada yake ndogo ya pembeni. Ukibanwa, chagua kimoja tu.

Ukifikiria kuhama siku moja, ASHA ina makubaliano ya kutambuana vyeti na vyama vya Uingereza, Kanada, Australia, Ireland na New Zealand. Kenya haimo, kwa hiyo ukirudi nyumbani usidhani cheti kitakufungulia mlango peke yake. Anza mapema kuongea na wale wa ASLTK, chama cha watibabu wa usemi na lugha wa Kenya.

Na binamu yako anayesomea mambo ya usikivu, mwambie wao wana chama chao pia, American Academy of Audiology, tangu 1988, na ASHA vilevile inawapokea. Achague anakopata wa kumsikiliza.

Wewe kwa sasa ingia kwanza kama mwanafunzi, ada yao ni nafuu, na muulize mratibu wenu kuhusu punguzo la mwaka wa kwanza wa uanachama. NBASLH usiiache. Ukipata jina la mlezi nitumie, tulihakiki pamoja kwa simu Jumapili. Jumamosi siwezi, kuna harusi ya Wakongo na nimeshaahidi mbaazi za nazi.

Msalimie mama, na umwambie chupa yake nitairudisha.

Wako,
Zuhura