Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Mbeya

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari wa Meno. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu. Itifaki imezingatiwa.

Mgeni Rasmi, shikamoo, na pole kwa vumbi la barabara. Utuwie radhi pia: tangu uingie ukumbini, wengi wetu tumefunga midomo.

Mwaka huu klabu imejenga kinywa ndani ya kompyuta. Tumetumia NetLogo, programu ya bure ambayo ukishaipakua haihitaji intaneti. Skrini imegawanywa vijimraba, kila kimoja ni kipande cha ukoga juu ya jino, na kila bakteria ana amri chache: ale, ateme taka, agawanyike, akikosa chakula afe. Vinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zipatazo 700. Sisi tulimudu mbili: Streptococcus mutans, anayekula sukari na kutema asidi ya laktiki, na Veillonella, ambaye asidi hiyo kwake ni chakula. Mwenzetu kutoka Iringa aliwaita Mgema na Mlevi, na majina yakaganda.

Baridi ya hapa mwezi Juni unaijua. Wenzetu hubeba chai ya sukari kwenye chupa na kupiga funda mojamoja tangu paredi mpaka mapumziko. Tukaiuliza kompyuta: sukari ileile, kuinywa mara moja au kuigawa mara nane, kuna tofauti? Wengi tulisema ni yaleyale. Ikinywewa mara moja, asidi hupanda, kisha mate huishusha na jino likapumua. Ikigawanywa, mate hayajamaliza kazi funda jingine limefika, na pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, inabaki chini ya 5.5 hivi, pale enameli, ganda gumu la jino, inapoanza kuyeyuka. Mlevi alizidiwa. Mgema akajaza skrini.

Hili si jipya. Huko Uswidi, hospitali ya Vipeholm, miaka ya 1940, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa pipi za kunata kati ya mlo na mlo bila kuombwa ridhaa, na meno yao yakaoza. Mwalimu alipotusimulia, darasa zima lilinyamaza. Kwenye kompyuta hakuna wa kung'olewa jino.

Changamoto: kompyuta zinazowaka ni mbili, na umeme ulikatika kabla hatujahifadhi kazi, tukaanza upya. Hayo tumeyazoea. Kinachotunyima usingizi ni kasi ya mate, ambayo tumeikisia tu. Ukiipunguza kidogo, hata chai ya mara moja inamnenepesha Mgema.

Kwa hiyo hatuombi kompyuta, ingawa ukituletea hatutaikataa. Tunaomba pakiti ya karatasi za kupima pH na asubuhi yako moja. Wanafunzi kumi watakunywa chai, tupime mate yao kila dakika tano, wewe ukisimamia. Wamejitolea wenyewe, na wazazi wao wamesaini. Majani ya chai ya Tukuyu tunapewa na jikoni; sukari wamesema tununue wenyewe.

Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.